Televisheni ya Mahari ya Yaya

Kisangani hakuna farasi. Papa anasema wazungu wa zamani walijaribu kuwaleta, mbung'o wakawamaliza. Mimi nina miaka kumi na saba na sijamwona farasi hata mmoja kwa macho yangu, lakini mwendo wake naujua. Najua kwato zinavyolia kwa mbali, zinavyolia karibu na ukuta, na zinavyonyamaza ghafla aliyempanda anapovuta kamba. Karibu mwaka mzima nyumba yetu ya Mangobo ilijaa kwato kila jioni. Hata sasa, mvua inapoanza kudondoka juu ya mabati, tone moja moja, mwili unanisisimka na ninatazama mlangoni kuona nani amefika.

Nataka kuandika jinsi sauti hiyo ilivyoingia kwetu na jinsi ilivyotoka. Mimi si mtu wa kusema. Darasani, mwalimu akiniuliza kitu, najibu kwa sauti ndogo hadi aliyekaa nami kwenye benchi ndiye anayerudia jibu langu ili lisikike. Kuandika ni rahisi zaidi. Hakuna anayenitazama mdomo.

Tele ilikuja na mali ya yaya. Yaya ni dada yangu mkubwa, ndivyo tunavyomwita aliyetangulia kuzaliwa. Na mali ni ile mahari ambayo mwanaume analeta kwa wazazi wa msichana. Aliyemtaka yaya alikuwa mnunuzi wa kahawa. Alipanda na lori njia ya Bengamisa, akazunguka huko kwenye mashamba, akateremka mjini na magunia. Alikuwa na masharubu yaliyokatwa vizuri, miwani myeusi, na namna ya kusimama mlangoni akaujaza wote ingawa hakuwa mnene. Siku ile alileta mbuzi, vitenge vya mama, vile tunavyoita vikwembe, chumvi, taa, koti la papa na vinywaji vya tonton, kaka mkubwa wa papa. Halafu vijana wawili wakashusha sanduku kutoka kwenye lori. Watu walianza kupiga kelele kabla halijafunguliwa, maana picha ya tele ilikuwa imechorwa ubavuni.

Kwetu wazee hawagusi kitu chochote kabla binti mwenyewe hajaitwa katikati na kuulizwa. Tonton alivuka mto kutoka Lubunga kwa ajili ya kazi hiyo. Alisimama akiwa na kofia mkononi.

"Mwanangu, vitu hii unaiona. Tuikule ao tusiikule?"

Yaya alitazama vidole vya miguu yake. "Muikule."

Wanawake wakapiga vigelegele, na tonton akafungua chupa ya kwanza.

Papa ni karani. Mshahara wake huja unapotaka wenyewe, na wakubwa wake wanamwita kwa kupiga kengele. Baada ya tele kuwekwa sebuleni, juu ya meza, na mama kuifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, watu wa njia yetu walianza kumsalimia papa kutoka mbali. "Papa Tele! Leo kura iko?" Kura ndiyo umeme. Papa alijibu kama yeye ndiye anayeuteremsha kutoka maporomokoni. "Iko, iko. Mukuje."

Walikuja hasa kwa ajili ya mchezo mmoja wa kuigiza uliokuwa ukiendelea kila jioni. Ulitoka Mexico. Vinywa vya watu wale vilisema kihispania, sauti zikasema kifaransa, na mimi nikasema kiswahili, maana wamama wengi hawakupita darasa la nne. Kwanza uso wa kiongozi wa nchi ulishuka mawinguni kama kila siku, kisha wacheza ngoma wa Chama chake, kisha habari za Kinshasa, na hapo ndipo wamama walikaza vikwembe na kusogeza viti vyao vidogo. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha papa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuniona. Sauti yangu ilitoka huko kama inatoka kwenye tele yenyewe. Ni hapo tu nilipoweza kusema mbele ya watu.

Mwanaume wa mchezo alikuwa na mashamba hadi mwisho wa macho, na farasi mweusi. Wamama walimwita Papa Farasi. Msichana aliyempenda alikuwa maskini mwenye nywele hadi kiunoni. Yeye walimwita Mulizi, kwa sababu hakumaliza jioni hata moja bila kulia. Siku moja Papa Farasi alimkuta Mulizi anaongea na daktari kijana chini ya ngazi. Aliruka kutoka juu ya farasi, akamshika mkono, akamvuta hadi kitambaa cha kichwani kikaanguka.

"Amesema nini? Sema mbio!"

"Anasema: wewe ni wangu. Hata ukikimbilia mwisho wa dunia, nitakufuata."

"Yeee!" Mama wa mikate, jirani yetu anayekaanga mikate ya asubuhi, alijipiga mapaja. "Sikieni maneno! Wangu mimi, nikipotea leo nikarudi kesho, ataniuliza tu: mwiko uliweka wapi?"

Walicheka hadi mtoto mmoja akaamka. Papa alikohoa, na kicheko kikapungua, kwa sababu nyumba ni yake.

"Mwanaume ya kweli anachunga kitu yake," alisema.

"Kama mukwe yetu," mama wa mikate akamjibu. "Hata masharubu ni ile ile!"

"Ndiyo. Kama mukwe."

Sitaandika uongo hapa: hata mimi nilitaka kupendwa namna ile. Nikioga nyuma ya nyumba nilijishika mkono wangu mwenyewe, juu ya kiwiko, kwa nguvu, nijue inakuwaje mtu akikushika namna ile. Nilidhani mapenzi yanaacha alama, na kama hakuna alama hayajafika.

Mama alinituma Kabondo, alikohamia yaya baada ya ndoa, kumpelekea lituma na samaki. Lituma ni ndizi zilizotwangwa, na yaya alizipenda za mama tu. Shemeji alikuwa ameondoka na lori. Nilikuta kufuli kubwa jeusi mlangoni, limefungwa kwa nje. Nilidhani hayuko, nikageuka.

"Weye! Unaenda wapi na lituma yangu?"

Sauti ilitoka ukutani. Nyumba ile upande wa nyuma ilikuwa na matofali yenye matundu, yale ambayo watu huyaweka mahali pa dirisha ili upepo upite. Nilizunguka, nikaona jicho la yaya kwenye tundu moja na mdomo wake kwenye lingine.

"Kadena ni ya nini?" nikauliza juu ya ile kufuli.

"Ni bwana." Alicheka. "Anasema wanaume ya hapa iko na macho murefu. Iko na wivu, yule mutu! Hata mushonaji hataki anipime. Anapima yeye, na kamba, anapeleka kamba."

Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha herini mpya. Nilimega lituma vipande vidogo nikavipitisha tundu kwa tundu, na samaki nikamchambua mwiba. Alikula amesimama upande wa pili, nasikia anavyotafuna.

"Sasa nieleze. Jana walionyesha nini?"

Tele yake ilikuwa kwetu. Kwake hakukuwa nayo. Kwa hiyo nilisimama juani, paji la uso kwenye tofali, nikamsimulia. Ukuta ulikuwa kama kiti cha papa: ulinificha, na maneno yakaja. Nilimwelezea gauni, daktari, ngazi, kitambaa kilichoanguka. Nilifanya kwato kwa ulimi. Yaya alisema "ehe" na "mama yangu!" kila mahali palipostahili. Nikarudi nyumbani nimefurahi, kana kwamba nilikuwa nimemtembelea mtu mwenye bahati.

Nilirudi mara nyingi. Sijui ni lini maswali yake yalibadilika. Zamani aliuliza nywele zilisukwaje. Sasa aliuliza: "Na ule mulango ya chumba yake, inafungwa na nini?"

"Hawakuonyesha."

"Ungeangalia vizuri."

Siku nyingine nilikuwa katikati ya hadithi, mwanaume mmoja akapita na baiskeli nyuma ya nyumba. Jicho likatoweka. Niliendelea kusema, nikagundua nasema na ukuta mtupu. Alirudi baada ya muda, akasema polepole, karibu bila mdomo, "Wanamuambia kila kitu."

Halafu siku moja, alipopokea chakula, niliona vidole viwili vimevimba.

"Nilibanwa na mulango."

Sikuuliza mlango gani. Ulikuwa mmoja tu, na yeye hakuwa anaufungua. Usiku huo harufu yake ilibaki kwenye nguo zangu, moshi na vitambaa visivyoona jua, nikawa nainusa gizani nisijue kama ni yeye au ni mimi.

Nilimwambia mama, na mama akamwambia papa tukiwa mezani.

"Alimupiga?"

"Mutoto hajui."

"Anamunyima chakula?"

"Chakula iko."

"Bon. Iko nyumbani kwa bwana yake." Papa alinawa mikono, akaondoa kile kitambaa kilichofumwa, akabonyeza.

Ndiyo jioni ambayo Papa Farasi alimfungia Mulizi chumbani, kwa sababu daktari alikuwa amemwandikia. Aligeuza ufunguo, akauweka mfukoni mwa koti, akaegemea mlango kwa nje na kufumba macho. Muziki ukapanda. Upande wa pili Mulizi aliweka kiganja kwenye mbao, mahali palepale penye mgongo wa mwanaume. Wamama wakapumua wote pamoja.

"Anasema nini sasa?"

"Anasema..." Nilimtazama mama. "Anasema afadhali umuchukie kuliko umuache."

"Aaa, yule mutu anapenda!"

Mama aliinuka, akaenda jikoni. Nilimsikia anasogeza sufuria ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Kisha mvua za mwaka zikaanza, na njia ya Bengamisa ikawa tope. Malori yalilala njiani, wenyewe wakilala chini yake. Shemeji alikuwa amesema anarudi upesi, na sidhani alidanganya. Lori lake lilizama kama mengine. Lakini yaya alikuwa ndani na bidoni moja, yaani dumu moja la maji. Nilipofika baada ya mitihani nilimwita, akachelewa kujibu. Jicho lilipokuja tunduni lilikuwa limeingia ndani.

"Usinisimulie," alisema. "Lete maji."

Nilikimbia kwa jirani, nikapewa ndoo. Kikombe hakikupita kwenye matundu. Nilijaribu kumwagia kwa kiganja, maji yakateremka ukutani, na yaya akalamba tofali. Niliona ulimi wake. Hapo nikakumbuka mchezo wa watoto: nikavunja jani la mpapai, nikakata kile kikonyo chake kirefu ambacho katikati kiko wazi, nikakipitisha tunduni. Yeye alinyonya kwanza, kisha akaweka sufuria, na mimi nikawa namimina kwa kinywa changu, nikivuta maji ndooni na kuyapuliza kwenye kikonyo, hadi ndoo ikaisha. Hatukusema. Kulikuwa na sauti ya maji tu yakianguka ndani ya nyumba nisiyoiona.

Nilipomwambia mama hakungoja papa arudi kutoka kazini. Alichukua mchi wa kutwangia lituma, akauweka begani kama mtu anayekwenda shambani, na tukavuka mji mzima kwa miguu chini ya mvua. Alipiga kufuli, likakataa. Akapiga kitasa chenyewe, kikatoka na kipande cha mbao. Watu wa pale walikuwa wameshajaa.

"Mama, mama! Hiyo iko nyumba ya watu!" mzee mmoja alipiga kelele.

"Na huyu iko mutoto ya nani?"

Yaya alisimama katikati ya chumba. Nilitegemea atamrukia mama. Hakumrukia. Alitazama mlango uliovunjika, akasema, "Atasema nini akirudi?" Kisha akachukua ufagio, akafagia. Mama hakumzuia. Tulisimama mvuani tukimngojea afagie chini ya kitanda, akunje shuka, afunike sufuria. Ndipo akatoka, akakinga macho kwa mkono kama mtu aliyepigwa na jua, ingawa jua halikuwepo.

Nyumbani papa hakupiga kelele. Aliketi. Alisema kuvunja mlango wa mkwe ni kuvunja neno la ukoo, na sasa neno hilo litakuja kwa miguu. Kisha akatazama saa, na kwa kuwa wamama walikuwa wanaingia, akafungua tele.

Yaya alikaa kati yao, mbele kabisa, kwenye mkeka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwa macho ile hadithi aliyoisikia kwa matundu. Mulizi alikuwa angali amefungiwa, amekaa dirishani, nywele zimechanwa, gauni jeupe. Papa Farasi alikuwa chini, juu ya farasi, anamtazama.

"Nani anamuletea maji?" yaya akauliza.

Mama wa mikate alicheka kidogo. "Ee, mama, wale iko na robinet, maji ya bomba, ndani!"

Wengine wakacheka. Yaya hakucheka. Aliendelea kutazama kona za chumba cha Mulizi, moja moja, kama anatafuta ndoo.

Shemeji alikuja Jumapili baada ya misa, pamoja na mzee wa ukoo wake. Tonton alikuwa amevuka mto tena. Yaya aliwekwa kwenye kiti cha peke yake. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha papa kwa mazoea, na wamama wakabaki nje chini ya paa, wakijifanya wanachambua mchele.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Lakini alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na mekundu, ya mtu ambaye hajalala. Alipiga magoti mbele ya papa, na suruali yake nzuri.

"Papa, bila ye nitakufa. Nilimufungia juu ya mapendo. Mji huu iko na wezi ya wanawake. Wakinipiga risasi hapa nitasema vile vile: ni mapendo."

Akalia. Alilia kweli, mabega yanaruka, na mate.

"Analia!" mama wa mikate alinong'ona nje kwa sauti ambayo hata upande wa pili wa njia waliisikia. "Wamama, mwanaume analia!"

"Yesu wangu. Amusamehe tu."

Sehemu hii ya mchezo niliijua. Nilikwisha kuitafsiri. Mwanaume anapiga magoti, mwanamke anaweka mkono juu ya nywele zake, muziki unaanza. Nilijikuta nausubiri huo muziki. Nafikiri wote tuliusubiri, hata papa, maana alikuwa amefungua mdomo. Kulikuwa na kuku tu anakwaruza mlangoni. Yaya alitazama kichwa kile kilichoinama karibu na goti lake. Mikono yake sikuiona, alikuwa ameikalia.

Tonton alisafisha koo. "Alors. Mwanangu, tutakuuliza kama siku ile. Vitu ya huyu bwana iko kwetu. Tuendelee kuikula, ao tuirudishe?"

"Sema tu ndiyo, yaya," mtu alisema nje.

"Muirudishe," yaya alisema.

Tonton alisogea mbele ya kiti. "Mutoto, fikiri. Mbuzi iko wapi? Chumvi iko wapi? Tutatapika? Hata ile kikwembe mama yako amevaa, iko ya nani?"

Mama alisimama na kuanza kufungua fundo la kikwembe cha juu palepale, mbele ya wakwe.

"Basi, mama! Basi, wacha!" Tonton akageuza uso ukutani.

Mzee wa upande wa shemeji hakucheka wala hakukasirika. Alinyoosha kidole polepole. "Vitu ingine tunajua imelika. Tele iko nzima."

Wote tulitazama tele. Ilikuwa imefunikwa kitambaa chake, kimya, kama mtu aliyejifunika shuka. Nilitazama kisogo cha papa. Sijawahi kukitazama kisogo kwa muda mrefu namna ile. Nilijua anachopima, alikuwa anapima sauti za watu njiani wakimwita jina lake jipya. Na mimi, niseme yote, nilikuwa napima mahali pangu nyuma ya kiti, pale peke yake ambapo nina sauti. Yaya angerudishwa, angerudi; nilijua kwa namna alivyokaa kwamba hatatamka neno lingine.

Papa aliinuka. Alikunja kitambaa cha mama, akakiweka begani. Akachomoa waya ukutani, akauzungusha vizuri, na kwa mkono wa koti lile lile aliloletewa akapangusa kioo, kila kona, kama anampangusa mtoto uso kabla ya safari.

"Mutwae," alisema.

Shemeji alikuwa angali magotini. Alijifuta, akavaa miwani, akasimama. Nilidhani ataongeza neno la mapenzi.

"Na antena," alisema.

Papa hakutuma kijana yeyote. Alipanda mwenyewe juu ya mabati, na viatu vya kanisani na koti lile lile, abakosti ya mali, watu wa njia nzima wakimtazama kutoka chini. Tulisikia nyayo zake juu ya vichwa vyetu, huku na huku, na mabati yakilia. Aliposhuka na vile vyuma alikuwa na kutu kifuani na damu kidogo kidoleni. Hakumtazama yaya. Hakuongea naye hadi zilipopita wiki kadhaa, na hata leo sijui kama aliyatenda yale kwa ajili yake au kwa sababu aliona aibu kubaki amekaa. Labda na yeye hajui.

Siku hizi wamama wanakwenda kuona tele mahali pengine, kwa mwalimu mmoja. Wanatafsiriwa na mtoto wa mwalimu. Mama wa mikate alituletea habari: Papa Farasi alimwoa Mulizi kanisani, daktari akafa kwa homa. "Lakini yule mutoto anatafsiri vibaya, anaharakisha," aliniambia, kama faraja. Aliongeza kwa sauti ndogo, "Wewe yaya yako alifanya vizuri, eh? Alifanya vizuri." Nusu aliniuliza mimi.

Yaya analala mlango wazi. Tukifunga, hata mlango wa jiko, anaamka na kuuliza, "Nani amefunga?" Mama alitoa kitasa kabisa, akakitupa. Sasa upepo ndio unafungua na kufunga, na nyumba yetu haitulii.

Na shemeji alianza kuja. Haingii. Anasimama upande wa pili wa njia, karibu na kibanda cha mafuta ya taa, wakati watu wanatoka kazini, mikono nyuma, miwani usoni. Hasemi kitu. Mara ya kwanza papa alimwona akainua mkono kumsalimia, kisha akaushusha kama si wake. Wapita njia wanapunguza mwendo. Najua wanachofikiri, kwa sababu nilikuwa nakifikiri mimi: angalia mwanaume huyo, angali anakuja, yule mutu anapenda.

Yaya alijificha chumbani mwanzoni. Kisha jioni moja alitoka na kiti kidogo, kisu na ndizi, akakaa mlangoni mwa kiwanja chetu, uso kwa uso naye, akamenya. Hakumtukana. Alimenya tu, akimtazama kati ya ndizi na ndizi. Shemeji alikaa hadi giza, akaondoka. Kesho yake vivyo hivyo. Watu walianza kupita njia nyingine, kwa sababu ilikuwa vigumu kupita kati yao wawili.

Jana hakuja. Tulingoja, hakuja. Mwenye kibanda alisema ameliona lori lake likipanda njia ya Bengamisa, na kwamba ndani kulikuwa na msichana amekaa katikati, mdogo, amevaa kitambaa kizuri. Yaya alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akakaa mahali pake, akamenya ndizi zote, zikaisha, akabaki na kisu mkononi, anatazama pale pale.

Mama alimwita kutoka ndani. "Ingia, giza inaingia. Unamungoja nani?"

"Simungoji, mama," yaya alisema. "Niko naangalia tu kama hayuko kweli."